SOMO LA 9: WALIOSAHAULIKA KATIKA HUDUMA YA KILA SIKU

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mdo. 6:1-7, Yn. 9:1-3, Mk. 5:21-43, Isa. 38:1-6, 21, 1 Kor. 16:1-4, 2 Kor. 8:16-22, Mdo. 9:36-42.

Fungu la kukariri: Matendo 6:3. Likaririwe kutoka katika Biblia inayotumiwa darasani.

Tuseme kanisa moja limenunua mifuko ishirini ya unga wa sembe, pamoja na mafuta ya kula na sabuni. Fedha zimechangwa kwa upendo, na akina mama wa Dorkasi wamefunga kila kitu vizuri. Siku ya Sabato, baada ya tangazo la kamati ya ujenzi, mzee wa zamu anasimama na kusema kwamba ndugu walioathirika na UKIMWI wabaki baada ya ibada ili wapangiwe siku ya kuchukua msaada wao. Ibada inafungwa. Watu wanatoka wakiimba, wanapeana mikono nje. Ndani habaki mtu. Baada ya wiki mbili kamati inaandika katika kumbukumbu zake kwamba hitaji halikuonekana, na unga unagawiwa kwaya.

Hitaji lilikuwapo. Huenda lilikuwa limeketi benchi la tatu kutoka nyuma: bibi anayelea mjukuu wa miaka kumi na miwili, mtoto anayemeza kidonge kila jioni tangu akiwa mdogo. Bibi huyo aliusikia mzigo wake ukitangazwa, akamshika mtoto mkono, akatoka na wengine.

Somo la juma hili linauangalia mji wa Babati, makao makuu ya Manyara, mkoa uliozaliwa mwaka 2002 ulipomegwa kutoka Arusha. Mji uko kando ya ziwa lake lenye viboko, chini ya mlima Kwaraa, kwenye barabara kuu inayotoka Arusha kwenda Dodoma na Singida. Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi na wafanyabiashara kutoka kila upande wanakutana sokoni na stendi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12, kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 hadi 49 kilikuwa asilimia 14.8 mkoani Njombe. Manyara kilikuwa asilimia 1.5, cha chini kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara.

Hiyo ni habari njema, na Mungu ashukuriwe. Lakini ina upande wa pili. Mahali ambapo ugonjwa umegusa karibu kila ukoo, watu hulazimika kujifunza kuuzungumzia. Mahali ambapo wenye virusi ni wachache, kila mmoja hudhani yuko peke yake, na jirani mmoja akijua, mtaa mzima utajua. Kuandaa msaada kwa wachache waliojificha ni kazi ngumu kuliko kuandaa msaada kwa wengi wanaojulikana. Kanisa litawezaje kuwafikia bila kuwaanika?

JUMAPILI: MANUNG'UNIKO YALIYOSIKILIZWA

Soma Matendo 6:1-4. Tatizo lilikuwa nini hasa, na mitume walilipokeaje?

Kanisa la Yerusalemu halikukosa upendo. Sura mbili kabla, watu walikuwa wakiuza mashamba na kuleta fedha miguuni pa mitume. Chakula kilikuwapo na meza zilikuwapo. Hata hivyo wajane wa upande mmoja, wale waliozungumza Kiyunani, walikuwa wakisahauliwa. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Walisahauliwa tu, kama wanavyosahauliwa watu wasio na shangazi kwenye kamati na wasiojua lugha ya wanaogawa. Babati jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mama aliyekuja mjini kutoka kijijini, ambaye Kiswahili chake bado kinapita katika Kigorowa au Kimbugwe, mara nyingi husikia tangazo la msaada wakati msaada umekwisha.

Angalia pia neno ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: huduma ile ilikuwa ya kila siku. Mjane hakulishwa wakati wa makambi akaambiwa asubiri mwakani. Mtu anayeishi na VVU anameza dawa kila siku, na hitaji lake linakuja kwa utaratibu uleule. Mfuko mmoja wa unga mwezi Desemba ni zawadi, na zawadi ni njema, lakini haujaitwa huduma.

Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji kwamba wamepungukiwa imani. Hawakusema pia kwamba watalishughulikia wenyewe wakipata nafasi, jambo ambalo viongozi wengi wenye moyo mzuri husema, kisha nafasi isipatikane. Waliita mkutano mzima, wakakiri kwamba kazi imewazidi, wakataka wachaguliwe watu maalumu kwa jambo hili maalumu. Na sifa walizozitaja ni za kushangaza kwa kazi ya kugawa chakula: ushuhuda mwema, Roho, na hekima. Kwa huduma inayozungumziwa juma hili, sehemu kubwa ya hekima hiyo ni kinywa kinachojua kufungwa.

Ni nani katika kanisa lako mwenye jukumu la kuona nani hayupo? Si kwa ujumla, bali kwa jina?

JUMATATU: MAJINA SABA

Soma Matendo 6:5, 6. Soma majina polepole, moja baada ya jingine.

Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Wayahudi wa Palestina nao waliweza kuwa na majina ya Kiyunani, kwa hiyo si busara kudai zaidi ya linavyosema fungu. Lakini ni vigumu kuamini kwamba saba kwa saba ilikuwa bahati tu. Kanisa lilipoambiwa kwamba wajane wa Kiyunani wanasahauliwa, kamati ya kurekebisha jambo hilo ilijaa watu wa upande uliosahauliwa. Waebrania, ambao yaelekea ndio waliokuwa wengi, walikabidhi funguo za ghala.

Kamati nyingi za misaada zimepangwa kinyume cha hapo. Wanaokaa mezani ni wale ambao hawajawahi kupanga foleni kliniki. Wanapanga siku ya kugawa msaada bila kujua kwamba ndiyo siku ya kuchukua dawa. Wanapeleka vyakula nyumbani kwa gari lenye kibao, na majirani wanahesabu linasimama kwa nani.

Tanzania ina watu walioijifunza kazi hii kwa miili yao. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanaoitwa kwa kifupi WAVIU, wana baraza lao la kitaifa, na katika halmashauri vikundi vyao hukutana katika chombo kinachoitwa Konga. Wapo wanaokubali kujulikana wazi na kufundisha. Kanisa linaloanza huduma hii lingefanya vema kumwita mmoja wao kabla ya kununua chochote, akae na mzee wa kanisa na mama wa Dorkasi, aulizwe: tuanze wapi, na tusifanye nini? Kama katika kanisa lenyewe yuko mshiriki anayeishi na VVU ambaye amejitokeza kwa hiari yake, nafasi yake ni ndani ya kamati akipiga kura, si mbele ya kusanyiko akitoa ushuhuda kila anapokuja mgeni.

Na lugha ibadilike. Neno "waathirika" bado linasikika mimbarani. Wengi wanaoitwa hivyo hawalipendi, kwa sababu wanaishi, wanafanya kazi, wanalipa ada za watoto na kutoa zaka.

Matendo 6:7 hueleza kilichotokea baadaye. Je, kuna uhusiano gani kati ya meza zilizopangwa vizuri na neno kuenea?

JUMANNE: ALIYEULIZWA AKASEMA MWENYEWE

Soma Yohana 9:1-3, kisha Marko 5:21-43.

Wanafunzi walipomwona kipofu, swali la kwanza halikuwa atasaidiwaje. Walitaka kujua nani ametenda dhambi. Swali hilo limehamia kwenye VVU likiwa zima, na ndilo linalofunga midomo makanisani. Mtoto aliyezaliwa na virusi anaulizwa kwa macho. Mke aliyeletewa virusi na mumewe anaulizwa. Na aliyeanguka kweli, akatubu, anaulizwa kila Sabato. Yesu hakulijibu swali kama lilivyoulizwa.

Katika Marko 5 kuna jambo linaloweza kumsumbua msomaji makini. Mwanamke mwenye kutokwa damu alikuja kwa siri, akagusa, akapona. Kwa nini Yesu hakumwacha aende zake? Kwa nini alimtoa mbele ya umati? Je, huko si kumwanika?

Tazama vizuri alichofanya Yesu na alichoacha kufanya. Aliuliza nani amemgusa. Hakutaja ugonjwa, wala hakunyoosha kidole. Alisubiri, huku wanafunzi wakiona swali lake halina maana na Yairo akihesabu dakika za maisha ya binti yake. Mwanamke alikuja mwenyewe na kueleza yote kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa sheria ya Walawi 15:25 alikuwa najisi mbele ya jamii kwa miaka kumi na miwili, na alihitaji zaidi ya damu kukoma: alihitaji watu wasikie akiitwa binti. Kupona kwake kulikuwa na upande wa hadhara. Lakini habari ilikuwa yake, na ni yeye aliyeitoa.

Muda mfupi baadaye, nyumbani kwa Yairo, Bwana yuleyule aliwatoa watu wote nje, akaingia na wazazi na wanafunzi watatu, akaagiza mtu asiambiwe. Saa moja, njia mbili. Aliyemwita mmoja mbele ya watu alimfungia mwingine mlango. Mtu mmoja huponywa aibu kwa kusema. Mwingine, na hasa mtoto, hulindwa kwa kunyamaziwa. Kanisa halina mamlaka ya kumchagulia mtu.

Sheria ya nchi iko upande huohuo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi, inalinda usiri wa majibu ya vipimo, na haikubali mtu kulazimishwa kupima isipokuwa katika hali chache ilizozitaja. Hapa panahitaji unyofu. Yako makanisa ya madhehebu mbalimbali ambayo wachumba hudaiwa karatasi ya majibu kabla ya kutangazwa, na karatasi hiyo hupita mikono mitatu kabla ya kufika kwenye faili. Kuwashauri wachumba wapime pamoja ni upendo. Kuwasindikiza kwa mshauri nasaha ni upendo zaidi. Lakini majibu ni ya watu wawili, na hakuna ofisi ya kanisa inayohitaji nakala.

Kama mtu akikueleza hali yake leo, ungemuuliza nini kwanza?

JUMATANO: TINI JUU YA JIPU

Soma Isaya 38:1-6, 21.

Hezekia aliomba akilia, na Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Ndipo Isaya, nabii yuleyule aliyeleta ahadi, akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Hakuna anayeambiwa katika sura ile kwamba kutumia tini ni kumshuku Mungu. Na kuna mtu asiyetajwa jina ambaye alikwenda kuzitafuta tini hizo, akaziponda, akaziweka mahali panapouma. Huyo ndiye mfanyakazi wa huduma ya jamii katika hadithi hii.

Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walipanda magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Foleni ilikuwa ya siku nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani. Miongoni mwa waliorudi walikuwamo watu wenye VVU walioweka dawa zao kando, wakiamini wamepona. Haifai kuwacheka. Waliokwenda kule walikuwa watu waliochoka, na wengi walikwenda wakiomba. Swali linalobaki ni kwa nini mtu alisafiri siku nzima kutafuta tumaini, ilhali kanisa liko hatua chache kutoka mlangoni pake.

Waadventista wana kishawishi cha kwao wenyewe. Ujumbe wa afya ni hazina: chakula rahisi, maji safi, mapumziko, kujiepusha na pombe na tumbaku. Vyote hivyo humsaidia mwenye VVU. Lakini yuko mtu, na kila kanisa linamjua, ambaye huenda nyumba kwa nyumba akifundisha kwamba majani fulani na juisi fulani vinatosha, na kwamba vidonge ni sumu. Kwa jambo hili mzee wa kanisa asiwe na haya kumzuia. Dawa za kufubaza virusi zimetolewa bure na serikali tangu mwaka 2004, na tangu 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Siku hizi kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Anayekimeza kwa uaminifu hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ndoa, na mama anayetumia dawa vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Kizazi kilichoona mazishi ya miaka ya 1990 kingesema nini kikisikia hayo?

Jambo dogo la mwisho kwa wanaopanga siku za kufunga na kuomba: tangazeni, kwa watu wote bila kumtaja yeyote, kwamba kila mwenye dawa ya kila siku aimeze. Mwenye kisukari atashukuru, mwenye shinikizo la damu atashukuru, na yupo mwingine atakayeshukuru kimya.

ALHAMISI: MFUKO UNAOBEBWA NA WENGI

Soma 1 Wakorintho 16:1-4 na 2 Wakorintho 8:16-22.

Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulianzishwa mwaka 2003, nao umeokoa maisha mengi Afrika. Mwezi Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, na katika nchi nyingi watu waliokuwa wakilipwa na miradi kuwatembelea wagonjwa majumbani waliambiwa wasimamishe kazi. Jambo hilo liliwakumbusha wengi kwamba mguu wa jirani hauhitaji kibali cha mfadhili.

Paulo aliwataka Wakorintho waweke akiba kila juma, kila mtu kadiri ya kufanikiwa kwake. Kanisa la washiriki sitini, kila mmoja akiweka shilingi 500 kwa juma, hupata 30,000. Kwa mwaka ni 1,560,000. Fedha hizo hazijengi hospitali. Zinatosha nauli ya bodaboda na basi dogo kwa wanaotoka Bonga au Sigino kuja kliniki, daftari za mtoto, na mafuta ya taa ya nyumba ambayo umeme umekatwa.

Sasa tatizo. Paulo alitaka fedha zisimamiwe na watu zaidi ya mmoja ili asilaumiwe yeyote, na kila mhazini mwema anataka stakabadhi yenye jina. Lakini orodha yenye majina ya wenye VVU katika kabati la kanisa ni hatari inayosubiri mkono mwepesi. Uwazi wa hesabu na usiri wa mtu vinagombana, na kanisa lisilolifikiria jambo hili mapema hupoteza kimojawapo.

Njia ipo. Orodha iandikwe kwa hitaji, si kwa ugonjwa. Wajane wa Matendo 6 waliandikwa kwa sababu walikuwa na njaa. Mfuko ukisaidia nauli ya matibabu kwa mshiriki yeyote asiyejiweza, mwenye kifua kikuu, mjamzito, mzee wa macho na mwenye VVU watakuwa katika daftari moja, na hakuna atakayeweza kuwatenganisha. Kila kaya ipewe namba. Watu wawili tu, waliochaguliwa na baraza, wajue namba ni ya nani, nao watie sahihi kwa kila fedha inayotoka. Mkaguzi ataona namba, kiasi, tarehe na sahihi mbili.

Yapo pia mambo yasiyo ya mfuko. Mjane akinyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu, au mtoto akifukuzwa nyumbani kwa sababu ya hali yake, unga hautoshi. Halmashauri ya Mji ina Afisa Ustawi wa Jamii, kata ina kamati yake ya kudhibiti UKIMWI, na simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Viongozi wa kanisa wajitambulishe katika ofisi hizo kabla ya shida kutokea. (Na wakumbuke kwamba mtaa wa mchungaji na mtaa wa mwenyekiti wa serikali ni vitu viwili, barua nyingi zimepotelea hapo.)

IJUMAA: JIFUNZE ZAIDI

Soma Matendo 9:36-42. Wajane wa Yafa hawakumweleza Petro habari za Dorkasi kwa maneno matupu, walimwonyesha nguo. Anayeshona kanzu lazima ampime mtu mabega. Dorkasi aliwajua mmoja mmoja.

Rudi kwa yule bibi wa benchi la tatu. Sabato mbili hakuonekana. Katika kikundi chake cha Shule ya Sabato yuko shemasi wa kike anayetunza kadi ya mahudhurio, akaona nafasi mbili tupu, akaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, ukae."

Siku hiyo walizungumza habari za mahindi na bati linalovuja. Shemasi aliomba, akaaga. Juma lililofuata alirudi na misumari na kijana wa kupanda juu ya bati. Mara ya tatu bibi alimtuma mjukuu dukani, akasema taratibu: "Huyu mtoto ana dawa zake, mwanangu. Mwenyewe bado hajaambiwa ni za nini. Mwakani anakwenda bweni. Naogopa wenzake wakiziona atazitupa."

"Nimesikia, bibi. Ungependa nani mwingine ajue?"

"Hakuna."

"Basi hakuna."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Shemasi alimshauri bibi azungumze na mshauri wa kliniki juu ya namna ya kumweleza mtoto hali yake kidogo kidogo, kwa umri wake, kabla hajafika bweni na kuelezwa na wengine kwa ubaya. Akajitolea kumsindikiza. Bibi alikubali nauli, na akakubali watu wawili wa mfuko wapewe jina lake, bila sababu. Katika baraza la kanisa shemasi alisema neno moja: kuna kaya inahitaji nauli ya matibabu kila baada ya miezi mitatu. Mzee mmoja, mtu mwema aliyechanga zaidi ya wote, alitaka kujua ni kaya ya nani na ugonjwa gani, maana, alisema, huwezi kuombea usichokijua.

Maswali ya kujadili:

1. Shemasi amjibu nini mzee huyo, bila kumvunjia heshima na bila kuvunja neno alilompa bibi? Fanyeni zoezi hili darasani, mmoja akiwa mzee, mwingine shemasi.

2. Kama mjukuu angekuwa wa miaka kumi na saba, na anajua hali yake, nani angekuwa na haki ya kuamua nani aambiwe: yeye au bibi? Linganisheni jibu lenu na Marko 5.

3. Pitieni matangazo ya kanisa lenu ya mwezi uliopita. Ni lipi ambalo mtu mwenye siri asingeweza kulipokea bila kujianika? Liandikeni upya.

4. Kadi ya mahudhurio ya darasa lenu iko wapi sasa hivi, na ni nani ambaye nafasi yake imekuwa tupu kwa Sabato mbili?